Balo Iliyopenda Kushoto

Aliyetunyang'anya balo, mpira wetu wa miguu, ni kamanda wa bariere, kizuizi cha wenye bunduki mwisho wa barabara yetu, hapa Bunia, na aliyemtuma ni mfanyabiashara wa mbao. Nayasema haya mwanzoni kabisa, ili mtu asisome mpaka chini akitafuta mwenye kosa. Majina yao nayaacha, lakini si kwa heshima. Kamanda alikufa na hatuna tena shida naye. Wa mbao bado yuko, ana nyumba ya ghorofa, na Jumapili anakaa kwenye benchi ya mbele kanisani, shati limepigwa pasi. Nikimwona huwa namwambia moyoni: uliutaka uwanja wetu na hukuupata. Basi nakuwa na raha mpaka jioni.

Uwanja wenyewe uko nyuma ya nyumba yangu. Ni changarawe, umeinama kidogo upande wa barabara, na mvua ikinyesha ni tope la kunasa viatu. Mtu wa mbali hawezi kuona cha kugombania pale. Lakini magoli aliyasimamisha mume wangu. Yeye ndiye alikuwa kipa wa timu ya mtaa. Alikata miti mibichi, ile tunayopanda kwa uzio, akaichimbia, na miti ikakataa kufa. Ikachipua. Kabla ya kila mechi ilibidi apande na panga kuyakata majani, na wageni wakimcheka.

"Weye kipa, unachunga goli ao unalima?"

"Goli yangu inakomaa bado," anawajibu kutoka juu. "Muje mwaka kesho, itakuwa imeiva."

Vita ilipoingia alikuwa njiani kutoka Mongbwalu, na hakufika. Sikupata mwili wa kuzika. Nilipata ile miti yake, kila asubuhi nikifungua mlango wa nyuma naiona imeweka majani mapya. Kwa hiyo watu wakisema nilipigania uwanja wa mpira, wananipa sifa isiyo yangu. Mpira wenyewe sikuujua. Nilikuwa nauza mikate ya mafuta pembeni mwa uwanja na kutazama goli moja tu, lile lenye mtu wangu.

Sasa, balo. Tulikuwa na moja ya ngozi, ya mtaa mzima. Watu wa kamanda waliichukua mchana, ikiwa bado inarukaruka. Walisema ni kodi ya usalama. Haikupita wiki, chef wa mtaa, mkuu wetu, akaja kwangu, mtu asiye mbaya ila mwoga, mwenye kawaida ya kukaa kwanza akaomba maji ndipo atoe habari mbaya. Akakaa. Akaomba maji.

"Mama," akasema, "uwanja bila balo si uwanja. Iko kiwanja ya bule. Papa wa mbao anaomba pale pa kushusha mbao zake. Siku ya Mungu hii, Jumapili, kama batu habachezi, kesho yake lori inaingia."

"Na magoli, chef?"

"Magoli iko miti. Naye iko mutu wa miti."

Akanywa maji yake akaenda, hakunitazama.

Huyo mtu wa mbao tulimjua vizuri. Lori zake zilikuwa zinatoka Komanda zimejaa mpaka juu, zinapita bariere zote bila hata kupunguza mwendo, wakati sisi tukipita na bakuli ya unga tunaulizwa mama yako ni nani, baba yako alizaliwa kilima gani. Wengine walikufa kwa jibu. Yeye aliinua mkono tu, na kamba ikateremshwa. Mtu hapitishwi hivyo bila kula sahani moja na wenye kamba.

Nyumbani kwangu alikuwepo shemeji, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa amekimbia Mongbwalu na mivukuto yake mgongoni na kitu kingine hakuna. Kazi yake ni kusubu sufuria: anaokota vyuma vyepesi, pistoni za gari, vifuniko, anayeyusha, anamimina kwenye mchanga, sufuria inatoka. Kazi anaiweza. Mdomo anauweza zaidi. Nilipomweleza maneno ya chef alikuwa amelala chali kivulini, na hakuinuka.

"Balo tu?" akasema. "Shemeji, miye nimesubu sufuria ya kulisha mugodi muzima. Balo ni sufuria isiyo na mdomo."

"Sufuria mutu akipiga teke anavunjika mguu."

Hapo ndipo akainuka. Alichukua avokado niliyokuwa nimeweka kwa chakula cha jioni, akaipasua. Akanionyesha: balo nzuri haiwi kitu kimoja. Ndani kabisa kokwa, hiyo ndiyo inaruka. Katikati nyama, hiyo ndiyo inalinda mguu wa mtu. Nje ganda, hilo linapigana na mawe. Ukikosea moja, zote tatu zimekufa. Alieleza vizuri sana, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyokula, mpaka kokwa tu ikabaki mkononi mwangu.

Kokwa ya balo tuliipata bila shida. Baiskeli ya mume wangu iliibwa na hao hao wa bariere, lakini mpira wa ndani wa akiba ulibaki umening'inia kwenye msumari. Shemeji aliukata nyuzi ndefu, nyembamba kama kamba za viatu, akawa anazivuta kwa nguvu zote na kuzizungusha, uzi juu ya uzi, mpaka ikawa kama chungwa kubwa. Akaidondosha ili aone. Kile kitu kikaruka juu ya uzio na kuingia kwenye chungu cha jirani yangu, mwanamke mnene wa maneno makali, aliyekuwa anapika sombe, majani ya muhogo.

Akatokea mlangoni ameishika kwa kijiko.

"Hii iko yai ya ndege gani?"

"Yai ya balo, mama," shemeji akajibu.

"Basi mama yake akitaga ingine, aitage kwenu."

Kalibu, chombo cha kuipa balo umbo, ilikuwa kazi nyingine. Shemeji alitaka kitu cha duara cha kuweka alama kwenye mchanga, na nyumbani hapakuwa na kitu cha duara ila kibuyu changu cha maziwa. Nilimwambia kibuyu kina tumbo upande mmoja. Akafumba jicho moja, akakizungusha, akasema kiko sawa kabisa. Akakata shingo ya kibuyu changu, akakizika nusu kwenye mchanga, akamimina. Akafanya nusu ya pili. Zikatoka bakuli mbili nzito, zenye masikio ya kufungia waya, zikikutana mdomo kwa mdomo kama watu wanaosalimiana. Nakiri zilipendeza. Hata jirani alikuja kuzigonga kwa kidole asikie sauti.

Kwa nyama nilitoa kona ya godoro langu. Sponji katikati, vipande vya vitenge juu yake, tabaka kwa tabaka. Ganda ndilo lililotusumbua. Kwanza tulijaribu plastiki ya bidon, dumu la mafuta. Tulipoipiga teke mara moja ikapasuka kama sahani, na vijana wa timu wakauliza kama hii ni balo ama ni yai limeiva. Shemeji akasema inatakiwa plastiki laini, ile ya sandali, zile za mikanda zenye matundu. Hiyo inayeyuka polepole na ikipoa inabaki na uvivu kidogo.

Lakini nani katika vita anakupa sandali zake? Watu walikuwa wanalala nazo miguuni. Nilizunguka mtaa mzima na beseni, nikarudi na sandali moja ya mtoto na mikanda miwili iliyokatika. Jirani nilimwomba mara ya pili, kwa adabu, nimempelekea na mkate.

"Mukate ninakula," akasema. "Lakini hizi sandali njo gari yangu. Bakianza kupiga risasi, weye utanibeba?"

Nikautazama mwili wake, nikachukua beseni langu nikaenda.

Jumamosi ikafika hivyo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na gundi ya kubandikia tairi haikuwepo sokoni, kwa hiyo vitenge tulikuwa tumevibandika kwa uji mzito wa muhogo. Ulikuwa haujakauka. Nilimwambia shemeji: hii bado ni bichi, ukiibonyeza inatoa maji. Akasema moto utaikausha. Nikamwambia moto haukaushi kitu kilichofungwa. Akaniuliza nimesubu sufuria ngapi maishani mwangu.

Basi akachukua ule ukoko wa bidon na sandali moja ya mtoto, akavilainisha, akatengeneza vikombe viwili, akaweka balo katikati, akafunga kalibu, akaizungushia waya mara nyingi kama mtu anayemfunga mwizi. Akaiweka juu ya makaa yangu. Akawa anaigeuza kwa koleo, anaimba. Mimi nilikuwa nachambua mboga. Kalibu ikaanza kupiga mluzi mdogo.

"Unasikia?" akasema. "Inaiva."

Iliiva kweli. Sijui nielezeje ule mlio. Nusu ya juu ya kalibu ilipaa, ikapiga bati la jirani, ikabingirika juu ya mabati yote mpaka mwisho kwa kelele ya nyumba inayobomoka. Vipande vya kitenge vilianguka kama mvua ya pili. Mimi nilikuwa tayari nimelala chini, uso kwenye mboga, kwa sababu milio kama hiyo tulikuwa tumeizoea. Mtaa mzima ulilala. Shemeji peke yake alibaki amesimama, koleo mkononi, nyusi hana, godoro langu kichwani.

Kutoka bariere tukasikia mtu anapiga kelele: "Baadui baneingia!" Halafu miguu. Wale batoto ya bunduki, kama tulivyowaita, waliokuwa wanatuuliza kilima cha baba zetu, waliondoka kwa mbio kuelekea mto Nyamukau, kamanda mbele. Tuliwaona wakiruka mtaro. Hakuna aliyegeuka hata kupiga risasi moja hewani.

Kuku mmoja akapita. Nikainua kichwa, nikaona kamba ya bariere imeanguka, na kando ya ule mkeka waliokuwa wanalalia wakati wa mvua, zimepangwa vizuri ili tope lisiingie ndani: sandali zao. Za plastiki laini, za mikanda, zenye matundu. Kijani, nyekundu, buluu. Walizokuwa wamewavua watu wetu barabarani, kwa hiyo siiti huo wizi.

Kabla sijasimama vizuri, jirani alikuwa tayari ameshafika kule na kurudi. Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya siku hiyo, wala baada yake. Beseni lake lilikuwa limefunikwa majani ya muhogo, akapita kwangu kama mtu anayetoka shambani, akalimwaga mbele ya shemeji.

"Kuku yangu bakakula," akasema. "Leo banelipa. Pika hii haraka, mbele barudi baone kama hakuna vita."

Shemeji hakuniambia samahani. Ila alichukua msumari, akatoboa tundu dogo kwenye kalibu, akasema kana kwamba amelijua siku zote, "Balo inahitaji pua, ipumue." Na uji wa muhogo hakuutaja tena. Nyama ya pili tuliishona kwa uzi wa magunia, kavu kabisa, kokwa ile ile ndani, kwa sababu kokwa ilikuwa imenusurika, tuliikuta imelala kwenye chungu cha jirani kwa mara ya pili.

Tukaziyeyusha sandali. Tulizikata ndogo ndogo, tukazilainisha kwenye sufuria kuukuu, shemeji akazikandamiza kwenye bakuli za kalibu akitumia kikombe cha bati, zikatoka nusu mbili, nyembamba na sawasawa. Balo akailaza ndani, akafunga waya, akageuza juu ya makaa madogo, polepole, pua ikitoa moshi mdogo. Watu walikuwa wamejaa uani, wamesimama mbali, kila mmoja nyuma ya mwenzake. Akaichovya kwenye beseni la maji. Ikalia. Akakata waya.

Ilikuwa nzuri jamani. Rangi zote zilikuwa zimeingiliana kama sabuni ya mche, na mahali pamoja palikuwa na alama ya kifungo cha mkanda kilichogoma kuyeyuka. Vijana wakaipiga teke, ikaenda, ikaruka, haikupasuka. Wakaipiga tena. Ndipo tukaona ina tabia. Ukiipiga mbele inakwenda mbele, halafu kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, inageuka kushoto.

Wote wakamtazama shemeji.

"Njo style yake," akasema.

"Njo kibuyu yangu," nikasema.

Jumapili asubuhi nilichukua panga la mume wangu, nikapanda goli. Sikuwahi kufanya hivyo. Nilikata majani yote, mlingoti wa kulia, mlingoti wa kushoto, na ule wa juu. Jirani alikuwa chini ananishikia kitenge na kuniambia nisianguke, sababu hana nguvu ya kunizika.

Baada ya misa watu walikuja. Hata timu ya ng'ambo ya Nyamukau ilikuja, na wale hawakuwa wamevuka daraja tangu risasi za kwanza, walikuja na wake zao na ngoma moja. Chef wa mtaa alikuja na filimbi, anatazama nyuma kila mara. Na lori ya mbao ikaja. Ilisimama pembeni kabisa mwa uwanja, upande wa kushoto, magurudumu ya mbele ndani ya mstari. Mwenyewe akashuka, akakunja mikono. Nafikiri alikuja kuhakikisha hakuna balo, ili ashushe siku hiyo hiyo.

Filimbi haijapigwa, watu wa bariere nao wakatokea, bila kamanda. Watatu walikuwa pekupeku. Mmoja wao, kijana mrefu, akaingia mpaka katikati, akaokota balo. Aliigeuza. Akainusa. Kidole chake kikafika kwenye ile alama ya kifungo, kikasimama hapo.

"Hii iko nini?"

"Bidon, afande," shemeji akasema.

"Bidon inavaaka mukanda?"

Mimi nilikuwa nimeshika goli. Niliwaza, sasa ataichana kwa kisu, na kesho lori itaingia, na nitafungua mlango wa nyuma nione mbao. Nilishika ule mti mpaka utomvu ukanijaa mkononi.

Yule kijana akamgeukia mtu wa mbao. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anauliza bei ya chumvi: "Papa, weye ulituambia tukikamata ile ya ngozi, habana ingine. Ulisema itaisha pale."

Kila mtu alisikia. Wa mtaa wetu walisikia, wa ng'ambo walisikia, chef alisikia na filimbi ikamtoka mdomoni. Mtu wa mbao alifungua mikono, akaikunja tena. Kijana akampa mwenzake bunduki, akapandisha suruali.

"Sandali yangu iko inacheza," akasema. "Na miye nicheze wapi?"

Wakamweka kwetu, winga. Alikuwa mbovu sana. Lakini chef alipiga filimbi, na mechi ikaanza, na sina maneno ya ile furaha. Wa ng'ambo walikuwa wanapiga pasi nzuri kabisa na balo inakwenda kumtembelea mtu mwingine. Kipa wao aliruka kulia mara tatu, mara tatu ikapita kushoto. Ya tatu alikaa chini akacheka mwenyewe. Wetu walikuwa wameshajua, walikuwa wanalenga uzio wa jirani ili wapate goli. Jirani alikuwa anapiga kelele kwa timu zote mbili. Mikate yangu niliigawa, sikuuza hata mmoja.

Halafu wa ng'ambo mmoja akapiga shuti kali sana. Balo ikaenda, ikakumbuka, ikageuka kushoto, ikabingirika ikaingia chini ya lori ya mbao na kujipigilia kati ya gurudumu na tope. Vijana wakaingia kuivuta, ikakataa. Shemeji akalala chini akatazama, akatoka.

"Papa," akamwambia mwenye lori, "balo imeshikwa. Rudisha gari nyuma."

Mtu wa mbao akasema dereva wake amekwenda kula. Uwanja mzima, wa huku na wa ng'ambo, na wale wa bariere, ukaanza kupiga makofi, polepole, kwa pamoja. Chef alikuja. Alikuwa amelowa jasho. Hakuomba maji.

"Papa," akasema, "unaona mwenyewe. Mahali iko na batu. Rudisha gari."

Alipanda mwenyewe, na shati lake la pasi. Lori ikanguruma, ikazama, haikutoka. Basi timu zote mbili zikaingia mbele yake na kuisukuma, na kijana mrefu pekupeku akiwa katikati, mabega kwa mabega, wanaimba wimbo wa kusukuma gari, tope likiruka mpaka kwenye kioo. Ikarudi nyuma mpaka barabarani, na mbao zake zote. Balo ikabaki pale kwenye tope, imebonyea kidogo upande mmoja. Tukangoja. Ikajivuta, ikarudi duara yake, kama mtu anayejinyoosha.

Mechi iliendelea mpaka jua likazama. Jumatatu lori haikuja.

Vita haikuisha siku hiyo, watu wasinidanganye na wala mimi sidanganyi mtu. Nilizika wengi baadaye, na yule kijana mrefu nilisikia alianguka upande wa Iga Barrière. Kamanda alikufa kwa ugonjwa, kitandani, jambo ambalo bado linaniuma. Balo ile ganda lake lilichoka, shemeji akalivua akaweka lingine juu ya nyama na kokwa zile zile, mara nyingi, mpaka alipozeeka. Kalibu anayo. Ile nusu isiyo na tundu anapikia.

Yule wa mbao alijenga ghorofa yake kando ya uwanja, kwa sababu ndani alishindwa. Madirisha yake yanatazama goli letu, upande wa kushoto. Vijana wa sasa wanacheza na balo za dukani zinazokwenda moja kwa moja, lakini vioo vyake vinavunjika vile vile, na hakuna anayejua ni nani anawafundisha. Mimi kila Jumamosi natoka na panga, napanda, nakata majani. Akiwa dirishani namsalimu. Hajibu. Nakata polepole, nimalize vizuri.